Fomu Ilitaka Baba Mmoja

Walionisoma humu gazetini Ijumaa iliyopita waliniacha steshenari kwa Danford, hapa Bariadi mjini, nikirukaruka mbele ya kompyuta mpaka mteja mmoja akauliza kama nimeumwa na nge. Chuo kikuu cha Canada kilikuwa kimenikubali. Mimi, Kija Mahona, binti wa shamba la pamba, nisomeshwe miaka minne bila kutoa hata shilingi, na tiketi ya ndege juu yao.

Msomaji mmoja wa Lamadi alinipigia simu kunipongeza. Nilimshukuru, nikakata, nikalia. Hakujua kwamba ile furaha ilidumu siku nne tu.

Siku ya tano ilikuwa Jumanne. Simu yangu ni kitochi, kwa hiyo barua pepe zangu zote zilikuwa zinafunguliwa kwenye kompyuta ya Danford. Akanipigia kusema kuna barua nyingine kutoka Canada. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuisoma.

Ilikuwa barua ya adabu sana. Tangu siku hiyo nazichukia barua za adabu.

Ilisema kamati iliguswa na insha yangu, ile ya kaburi la baba. Insha yenyewe ilieleza jinsi baba alivyofariki nikiwa na miaka mitano, na jinsi nilivyokuwa naenda kaburini kila Jumapili, napanga mawe yaliyoporomoka, halafu namsomea alama zangu za shule kwa sauti. Lakini kwenye fomu ya taarifa za familia, waliendelea, nafasi ya baba nimeandika Bundala Machibya, mkulima, yu hai, na huyo Bundala amesaini. Tafadhali fafanua. Ambatisha hati ya serikali inayoonyesha kifo cha baba yako kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni kwa saa za Tanzania. Bila hivyo nafasi yako atapewa anayefuata.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikaona Wazungu wanahangaika na jambo dogo.

Maana kwetu Wasukuma mdogo wake baba ni baba. Bundala ndiye aliyenilea. Mama aliolewa Geita kabla sijaanza kutembea, mimi nikabaki upande wa baba. Tangu darasa la kwanza kila fomu ya shule iliyosema mzazi alisaini Bundala, na hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza swali. Kwa hiyo fomu ya Canada ilipoleta nafasi moja ya baba, na mimi nina baba wawili, mmoja chini ya mawe na mwingine shambani, nikamweka anayeweza kushika kalamu.

Nikampigia Madam Nancy, mwalimu wangu wa Kiingereza. Huyu alikaa na mimi miezi mitatu juu ya ile insha, tukaiandika upya mara saba. Tena aliniandikia barua ya kunipendekeza, na humo akasema yeye mwenyewe alisimama na mimi kwenye lile kaburi. Kweli alisimama. Alilia kuliko mimi.

Naye akacheka. Akasema waeleze tu kwamba kwenu baba mdogo ni baba, uambatishe cheti cha kifo, habari imekwisha.

Jumatano asubuhi nikaenda nyumbani, upande wa Kasoli. Kijiji sitakitaja, mtaona kwa nini. Nilimkuta Bundala kwenye foleni ya mizani ya pamba, amekalia gunia lake.

"Baba, nahitaji cheti cha kifo cha baba," nikamwambia.

"Baba hakuwa na cheti. Watu wa zamani wale. Alikufa mzee, tukamzika."

"Hakuwa mzee. Alikuwa hajafika hata miaka arobaini."

Bundala akaniangalia. "Kija, unamsema nani?"

"Baba Mahona. Aliyezikwa nyuma ya zizi."

Alinyanyuka kwenye lile gunia, akanishika mkono, akanitoa kwenye foleni. Walikuwa wamebaki watu wawili tu mbele yake, na Bundala hajawahi kuacha zamu ya mizani kwa sababu yoyote ile. Hapo ndipo nikaogopa.

"Pale nyuma ya zizi amelala baba yangu mimi," akasema. "Guku wako."

Nilimwambia guku amezikwa Maswa, ukoo ulikotoka. Akaniuliza nani aliniambia hivyo. Nikatafuta kichwani nani aliniambia, nikakosa. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilijaza mwenyewe, kama mtu anayejaza fomu.

"Ulikuwa na miaka mitano," akasema. "Ulinikuta napanga mawe, ukaniuliza hili kaburi la nani. Nikasema la baba. Ukaanza kulia. Mpaka naelewa unalilia nini, bibi yako alikuwa ameshafika, akasema mwache hivyo hivyo."

Habari yenyewe aliimaliza kwa maneno machache. Mahona, baba yangu mzazi, alichukua ng'ombe kumi na mmoja wa guku kuwapeleka mnadani, akapotea na ng'ombe na kila kitu. Guku hakumaliza mwezi. Siku ya mazishi bibi alisimama mbele ya watu, akasema kaburi hili ni la wawili, na asiyetaka ugomvi na mimi asinitajie yule wa pili. Bibi sasa yuko Kiloleli kwa shangazi, hasikii vizuri, lakini kwa jambo hilo hajabadilika.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Malampaka. Analinda ghala la mpunga karibu na stesheni."

Kidato cha tano na cha sita nilisoma Tabora. Kila likizo nilipita Malampaka kwa treni. Treni ilikuwa inasimama pale, na mimi nanunua miwa dirishani.

Sijui hasira yangu ilikuwa ya nani zaidi. Ya bibi, ya Bundala, ya yule aliyeuza ng'ombe, au yangu mwenyewe niliyemsomea guku wa watu alama za Hisabati miaka kumi na tano. Nilijiona mjinga. Nilijiona pia nimefiwa upya, ingawa nilikuwa naambiwa kinyume.

Nikampigia Madam Nancy palepale, pembeni ya mizani. Nilimweleza yote.

"Kija," akasema, "hayo mimi sijayasikia. Barua yangu ina jina langu na namba yangu ya simu. Kalete cheti." Akakata.

Najua kuna msomaji anasema ningeandika ukweli. Nilijaribu. Jumatano ileile jioni nilirudi kwa Danford, nikaandika kwa Kiingereza kwamba baba yangu hajafa, ila nilidhani amekufa kwa sababu ya neno moja la nyumbani kwetu. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya mwongo aliyekamatwa anatafuta pa kutokea. Ningekuwa mimi kamati, nafasi ningempa anayefuata. Nikaifuta.

Sasa ninayokuja kuyasema ndiyo yaliyonifanya nikubali kuandika kisa hiki gazetini. Mtanihukumu mnavyotaka.

Alhamisi Bundala aliniambia, bila mimi kumwomba, kwamba kwetu Mahona alishakufa, bibi alishasema mbele ya kijiji, kwa hiyo tukienda kwa mtendaji hatuendi kudanganya, tunaenda kuandikisha lililokwisha kusemwa. Nilijua ni upuuzi. Nikavaa viatu, tukaenda.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni, hana miezi miwili, hajui kaburi hata moja. Tulimkuta anawasha pikipiki kuwahi kikao cha pamba. Alitupa fomu ya taarifa ya kifo, akagonga muhuri kwanza ili asitucheleweshe, akasema tujaze, ndugu mtu mzima aliyeshuhudia asaini, nakala tumletee Jumatatu. Akaondoka na vumbi lake.

Nikajaza palepale kwenye benchi lake. Jina la marehemu, Mahona Machibya. Tarehe ya kifo, nikaandika siku aliyozikwa guku. Sababu, homa. Mwandiko ni wangu mwanzo hadi mwisho, sina wa kumsingizia.

Zikabaki nafasi tatu za chini: jina la mtoa taarifa, uhusiano wake na marehemu, na sahihi. Nikampa Bundala kalamu. Aliishika, akaiweka karibu na karatasi, akairudisha mezani.

"Kusema naweza," akasema. "Kuandika siwezi. Mtu mzima na afya yake ukimwandika amekufa, unamwita."

"Umesema amekufa miaka kumi na tano."

"Nimesema, ndiyo. Maneno yanakwenda na upepo. Hii inakaa." Akafuta vidole kwenye suruali, akaenda zake kuangalia pamba.

Nikabaki na karatasi. Ningeweza kubuni jina, nikapindisha mwandiko, nikasaini. Mimi niliyepata A ya Biolojia, ninayejua mtu anakufa kwa nini na kwa nini hafi, nilichukua kalamu ileile na mkono wangu nao ukakataa. Nilikaa kwenye benchi la mtendaji mpaka mbuzi wakaanza kurudi.

Ijumaa alfajiri nikapanda gari la Maswa, nikaunganisha la Malampaka. Nilijiambia naenda kumuona tu. Ile karatasi ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa ndani ya begi, kwa hiyo hata mimi mwenyewe nilikuwa najidanganya.

Ghala sikulitafuta sana. Mlangoni alikaa mzee mwembamba juu ya kigoda, rungu kwenye magoti, kofia ya sufu kichwani na joto lote lile.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia, kama ninavyomwamkia mzee yeyote.

"Mwangaluka, mayu. Kama ni mchele, mwenye ghala anakuja mchana," akajibu, akiniita mama kama wazee wetu wanavyomwita binti yeyote.

"Namtafuta Mahona Machibya."

"Wa kazi gani?"

"Mimi ni Kija."

Akavua kofia. Hakunikumbatia, wala mimi sikusogea. Akauliza nani amenionyesha pa kumpata, nikasema Bundala.

"Basi amechoka kunizika," akasema, akaniachia kigoda.

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga kuanzia Maswa. Nikamuuliza ng'ombe walikwenda wapi. Akasema waliliwa na pombe na kamari, wakaisha haraka kuliko alivyodhani, na baada ya hapo hakukuwa na ng'ombe wala pa kurudi. Hakuongeza sababu wala hakumlaumu mtu. Nilitaka ajitetee ili nimchukie vizuri, akaninyima hata hilo.

Nikamuuliza kwa nini hakuja hata mara moja.

"Nilikuja. Ulikuwa darasa la nne. Bundala alinikuta njiani, akaniambia unanililia kaburini kila Jumapili, na umeanza kuwa wa kwanza darasani. Akaniuliza nataka kuvuruga kipi. Nikageuza."

Nikamweleza habari ya Canada yote. Insha, fomu, Ijumaa, saa kumi na moja. Akaniomba nimsomee hiyo insha. Ipo kwa Kiingereza, nikasema. Akasema nimsomee kwa lugha anayoijua yeye.

Basi nikaitoa, nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, mlangoni mwa ghala la mtu. Nilimsomea baba yangu namna alivyokufa, na namna nilivyokuwa namwambia kwamba mvua imenyesha, au kwamba Sayansi nimekuwa wa pili kwa sababu nilikuwa na malaria.

Halafu akauliza, "Na mawe ulikuwa unayarudishia?"

"Kila Jumapili."

"Wabeja, mayu," akasema. Alinishukuru kwa kaburi lisilokuwa lake. Mimi nikageuza uso, nikalia, maana tangu Jumanne nilikuwa sijapata pa kulilia.

Ndiye aliyeomba ile karatasi, sikumpa mwenyewe. Aliona pembe ya bahasha kwenye begi. Akaisoma taratibu huku kidole kikifuata mistari. Zamani, kabla ya hayo ya ng'ombe, Mahona alikuwa karani kwenye mizani ya pamba, mwandiko wake ndio uliokuwa unaandika majina ya wakulima wote wa Kasoli. Hilo Bundala alikuwa ameniambia kwa wivu kidogo.

"Homa," akasema. "Nilidhani mngeniua kwa kitu kikubwa." Hakucheka.

Nikamwambia nipe, tuichane.

"Ukichana, unakwenda?"

Niliangalia saa kwenye kitochi.

"Anayetakiwa hapa ni ndugu," akasema. "Bundala ameshindwa kusaini. Namjua, tangu mtoto anaogopa hata kuua kuku. Lete kalamu. Nitaandika Mwandu, binamu yetu. Yeye amekufa kweli, hatakuja kukana."

Nilimpa kalamu. Nisameheni au msinisamehe, nilimpa. Aliweka karatasi juu ya goti, akaandika kwa utulivu, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akaipulizia wino ukauke. Akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaifunga, akaipapasa kwa kiganja.

"Usiifungue njiani, itachafuka," akasema. "Huko ukifika usiandike kwamba uliniona. Uliza tu kama mvua inanyesha."

Nilitaka kusema neno. Mwenye ghala akafika, Mahona akavaa kofia, akasimama na rungu lake kama hanijui. Nikaenda kutafuta gari.

Gari la Maswa lilipata pancha. Lile la Bariadi likangoja lijae. Niliingia kwa Danford zimebaki dakika ishirini, jasho linanitoka, bahasha imelowa pembeni. Danford alikuwa ameshafungua barua ya chuo, sehemu ya kuambatisha iko tayari, skana inawaka. Madam Nancy alikuwa amepiga mara nne kuuliza kama cheti kimefika.

Danford akachana bahasha, akainyoosha karatasi mezani. Akainama kuisoma. Akaniangalia. Akainama tena.

"Kija, aliyekufa ni nani?"

"Imeandikwa hapo. Mahona Machibya."

"Na aliyetoa taarifa?"

"Mwandu."

"Sioni Mwandu," akasema, akanigeuzia karatasi.

Kwa mwandiko wa karani, uliosimama wima, kila herufi mahali pake, nafasi ya mtoa taarifa ilisema Mahona Machibya. Sahihi, Mahona Machibya, na chini yake tarehe ya siku hiyohiyo. Na kwenye uhusiano aliandika maneno matatu, akayapigia mstari kama wanavyopigia mstari jumla ya kilo: Baba wa Kija.

Mtu aliyeandika majina maisha yake yote hakosei nafasi ya jina. Nilisimama pale nikijua hilo, na nikijua sijui alitaka nini. Labda alitaka kuniharibia ili nisiuanze usomi kwa uongo. Au nafasi ya baba ilipofika mbele yake, baada ya miaka kumi na tano, alishindwa kuiacha wazi. Nikapiga namba ya mwenye ghala, iliyoandikwa mlangoni pake, ambayo nilikuwa nimeinakili kwenye kiganja wakati naondoka. Haikupokelewa.

"Zimebaki dakika kumi na mbili," Danford akasema. Alikuwa ameshaiingiza kwenye skana. Karatasi ikatokea kwenye kioo, kubwa, na muhuri wa kijiji pembeni.

"Usihofu," akasema, kwa upole, kama mtu anayesaidia. "Hizi tunarekebisha kila siku. Nikuze hapa, nifute jina lake, nifute na haya maneno matatu, niweke huyo Mwandu wenu. Dakika tano haziishi."

Akasogeza kishale mpaka juu ya neno Baba, likageuka rangi ya bluu. Kitochi changu kikaanza kuita mfukoni, namba ileile ya mwenye ghala wa Malampaka.

"Nifute?" akauliza.